Majani ya Mvua

Katika chumba chetu cha kuhifadhi mimea mikavu kuna sheria moja ambayo hata mkurugenzi akija na tai yake anaifuata: mmea kwanza, maneno baadaye. Mtu akileta mmea ili tumwambie jina lake, tunaupokea, tunaulaza mezani, tunauangalia, na yeye tunamwomba aupumzishe mdomo. Watu wana maneno, bwana. Atakuambia ameutoa mlimani kumbe ameung'oa nyuma ya choo. Atakuambia unanukia karafuu, na wewe ukiunusa utaanza kusikia karafuu ambayo haipo. Mimi si mtaalamu wa majina. Kazi yangu ni kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu, ndiyo maana wananiita Gundi, na sidhani kama kuna mtu pale kazini anayekumbuka kwamba mama yangu alinipa jina jingine. Lakini nimekaa na sheria ile miaka mingi kiasi cha kuipenda kama mali yangu. Sasa siipendi tena, na sababu yake ni habari hii.

Mwenye majina ni binti mmoja tunayemwita Lenzi. Ana kioo kidogo cha kukuzia vitu, kinaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na nasikia hata siku ya mahafali yake ilibidi wamvue hicho kioo kwa nguvu. Wenzake waliosoma naye waligombania miti mikubwa na maua ya fahari. Yeye akachagua magugu ya jangwani, tena yale ya msimu mmoja, yanayoota mvua ikinyesha, yakachanua, yakazaa na kufa kabla watu hawajamaliza kuisifu mvua yenyewe. Nilipomuuliza anaona nini kwenye magugu alinijibu kwamba yale ndiyo wenyeji hasa, hayakuletwa na mtu, na hakuna anayeyashukuru. Nikamwambia basi mimi na magugu ni ndugu. Alicheka sana siku hiyo.

Siku ya habari hii hakuwa na kicheko. Alikuwa amemzika baba yake wiki ile, na hatukumtegemea kazini. Aliingia na macho yaliyovimba na mfuko wa plastiki mkononi.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

"Nimeshapoa, Mzee Gundi," akasema, lakini hakuwa amepoa hata kidogo. Akaumwaga ule mfuko mezani.

Vilikuwa vishina vya gugu, vimekatwa majani yote, vimebaki na mizizi yenye udongo na maganda ya vitunguu yaliyoganda juu yake. Nilikunja pua.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Jalalani. Nyuma ya nyumba yetu."

Kisha akavunja sheria, kwa sababu mmea huu ulikuwa wake, akaanza kunieleza.

Shangazi yake, dada wa marehemu, alifiwa na mume zamani, na ndugu wa mume wakamfungia mlango. Hakuwa na mtoto. Akarudi kwa kaka yake, na jiko la nyumba ile likawa lake, maana mama yake Lenzi ni fundi cherehani na muda wake wote unaishia kwenye magauni ya watu. Shangazi ndiye aliyemlea Lenzi. Ndiye aliyekuwa akienda naye kuchuma mboga nje ya mji, mtoto akimfuata nyuma huku ameshika ncha ya nguo yake asipotee.

Safari hii ukame ulikuwa umekaa muda mrefu. Mvua iliponyesha, shangazi akatoka mapema kwenda kule nyumba za mji zinakoishia, mchangani, akarudi na kikapu cha majani ya mvua. Ndiyo mboga aliyoipenda kaka yake tangu wakiwa watoto. Akampikia, akampakulia kwanza yeye peke yake, maana wengine walikuwa bado kazini. Alikula, akasifu, akaomba tena. Jioni akaanza kutapika. Usiku ule ule akafa.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Sijui ni maiti gani ambayo moyo wake unaendelea kutembea, lakini ndivyo alivyoandika, na watu wakazika.

Matanga yalipopungua, kaka yake mkubwa Lenzi, ambaye ni msimamizi wa ghala na amezoea kuuliza kitu kiko wapi, akauliza sufuria iko wapi, ili mabaki ya ile mboga yapelekwe yakapimwe. Wakaikuta imetundikwa kwenye msumari wake, imesuguliwa, inang'aa.

"Mtu amefiwa na ndugu yake wa tumbo moja," akasema kaka mkubwa, "nguvu za kusugua sufuria mpaka ing'ae hivi anazipata wapi?"

Hakumwambia shangazi. Aliwaambia watu waliokaa sebuleni, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Tangu hapo hakuna aliyepokea hata glasi ya maji kutoka mkononi mwake.

Sasa, majani ya mvua yana ndugu yake, gugu la jangwani vilevile, na humu chumbani tunamwita Pacha. Majani ni yale yale, shina ni lile lile lenye wekundu kwa chini, na huota wote bega kwa bega. Wa kwanza ameliwa tangu zamani. Wa pili hulaza mbuzi chini, na akizidi huua. Wachumaji wanasema wanawatofautisha kwa mkono. Lenzi anasema mkono hauna ushahidi, tofauti iko kwenye ua tu, na ua lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha pini. Vijani vinavyolizunguka vikiwa na ncha butu, hayo ni majani ya mvua. Vikiwa na ncha kali, huyo ni Pacha.

"Kaka amesema kama ni Pacha, shangazi aondoke," Lenzi akasema. "Nami ndiye wa kusema kama ni Pacha."

"Aende wapi?"

"Hilo hakusema."

Vile vishina havikuwa na ua hata moja. Vilichumwa vichanga, kama mboga zote. Lakini gugu ni gugu. Maji ya vyombo yalikuwa yameviloanisha pale jalalani, na mizizi ilikuwa bado hai. Lenzi alitafuta makopo matupu ya rangi, akayatoboa chini, akajaza mchanga, akavipanda kimoja kimoja kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona hata kwa mimea ya wageni kutoka nje. Akayapanga dirishani, upande wa jua la asubuhi.

Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza.

"Umemuuliza?"

"Nani?"

"Shangazi yako. Aliyechuma. Aliyepika."

Alinigeukia kwa mshangao. "Mzee Gundi, si wewe ndiye uliyenifundisha? Mmea kwanza."

"Hiyo ni kwa wateja."

"Ni kwa wote." Alikuwa anafuta mchanga vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Nikimuuliza atalia. Akilia, nitaona ncha butu hata zikiwa kali. Acha ua lichanue kwanza. Nikishajua, nitamuuliza chochote."

Sikubishana. Alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, na mtu hubishana vipi na maneno yake? Lakini niliona kwamba sheria yetu ilikuwa imempa mahali pa kujificha, na alijificha humo vizuri sana.

Vishina vilichipua. Kwanza vinundu, kisha vijani vyekundu, kisha majani kamili. Niliyalinda makopo yale kama mtu anayelinda mayai. Msafishaji wetu alitaka kuyatupa akidhani ni takataka, tukagombana, na mpaka leo hanisalimii vizuri. Kila asubuhi Lenzi aliingia, hakuvua hata mkoba, akaenda moja kwa moja dirishani na kioo chake. Hakuna ua. Anakaa, anafanya kazi za watu wengine.

Wakati wa chakula cha mchana alinisimulia habari za nyumbani bila kuulizwa.

"Anakaa chumba cha nyuma," akasema siku moja. "Mama anampelekea sahani, anaiacha mlangoni."

"Anakula?"

"Sahani inarudi tupu."

"Mnaongea?"

"Ananisalimia asubuhi. Ananiambia, nenda salama mwanangu. Mimi naitika naondoka haraka." Akasogeza chakula chake kando. "Zamani alikuwa akinitania. Ananiambia nimesoma mpaka nimekuwa kipofu, siwezi kuona jani bila kioo."

Nilicheka, naye akajaribu, lakini kicheko kilimkwama akaanza kulia, hapo hapo juu ya chakula. Alisema kwamba akitamka ni Pacha, basi amemfukuza kwa mdomo wake mtu aliyemlea. Na akisema siyo, baba yake amekufa kwa nini? Atamkasirikia nani? Nilimpa leso yangu, yenye gundi. 

Ua lilichanua siku ambayo sikuwa nalingojea. Nilikuwa nabandika mzizi mkaidi, nikasikia ameniita kwa sauti ndogo.

"Njoo utazame. Usiniambie unachodhani. Niambie unachoona."

Nilisogea. Macho yangu si mazuri, lakini kioo chake ni kizuri. Nikaangalia kopo la kwanza. Nikaangalia la pili. Nikaangalia yote mpaka la mwisho, nikarudia, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unadunda na sikumwamini mwenye moyo huo.

"Butu," nikasema.

"Sema tena."

"Ni butu, mwanangu. Yote."

Aliteleza mpaka sakafuni, akakaa kati ya mashine za kukandamizia mimea, akajifunika uso. Nilidhani atamlilia baba yake. Aliita, "Shangazi, shangazi yangu," tena na tena, na mimi nikasimama pale kama mlingoti, sijui mikono niiweke wapi.

Alipotulia, utaalamu wake ukamrudia, na laiti usingerudi.

"Hii ni mizizi iliyobaki jalalani," akasema. "Kikapu kilikuwa kimejaa. Huenda Pacha alichanganyika humo, mizizi yake ikaenda kwingine. Mboga yenyewe iliyopikwa sikuiona."

"Lenzi."

"Nasema ninachokijua tu."

"Twende ukaseme hicho hicho basi, na wasikuongezee."

Aliniomba nimsindikize. Alihofia kaka yake atasema amempendelea aliyemlea. Tukaenda alasiri ile ile, yeye amepakata kopo lililostawi kuliko yote, mimi nikimshikia mkoba wake, tunatembea kama tunapeleka posa.

Sebule yao ilikuwa safi mno. Cherehani imefunikwa kitambaa. Picha ya marehemu imeegemezwa kwenye kabati, na kiti ambacho bila shaka kilikuwa chake alikikalia kaka mkubwa. Mama yake Lenzi alitupokea vizuri, akatukalisha, akauangalia ule mmea mikononi mwa binti yake kama anayemtazama polisi mlangoni.

Lenzi alieleza. Alieleza vizuri, polepole, ncha butu na ncha kali, mpaka mama yake akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali.

"Una hakika?" kaka mkubwa akauliza.

"Haya yaliyo kwenye makopo, nina hakika."

"Na yaliyoliwa?"

Niliomba kimoyomoyo adanganye. Binti huyu hajui kudanganya.

"Yaliyoliwa sikuyaona," akasema.

Kaka mkubwa alishusha pumzi ndefu. "Haya. Tuseme ni salama. Mwiteni."

Shangazi akaja. Nilikuwa nimemwazia bibi kizee aliyejikunyata, kumbe ni mwanamke mrefu, mnyoofu, isipokuwa nguo zilimpwaya kama alizoazima. Aliniambia, "Karibu, baba," akanipa mkono, kisha akasimama karibu na mlango. Hakuketi, na hakuna aliyemwambia aketi.

"Wifi," mama yake Lenzi akasema, akiangalia mikono yake mwenyewe, "mwanao amepima. Yameonekana salama."

"Salama," shangazi akarudia. Akaliangalia kopo. "Ndiyo yale yale?"

"Yale yale, shangazi," Lenzi akasema. "Yamechipua tena."

Alisogea, akaligusa jani moja kwa kidole gumba, akaligeuza. "Yametunzwa vizuri," akasema, na kwa mara ya kwanza niliona uso uliokuwa ukimtania mtoto. Nilidhani yamekwisha. Nilianza hata kutafuta neno la kuagia.

Kaka mkubwa akajiweka sawa kwenye kile kiti. "Basi, shangazi, yaishe. Tusiyafukue tena. Wewe uendelee tu kutupikia kama zamani."

Alisema kama mtu anayesamehe.  Kusamehe nini, na nani amemkosea nani? Lakini mimi mgeni, nikaumeza ulimi wangu.

 Shangazi akalichukua kopo mikononi mwa Lenzi.

"Haya," akasema. "Napika sasa hivi."

Akaenda jikoni. Tulisikia kisu kwenye ubao, kisha mafuta, kisha harufu ya kitunguu ikaja mpaka sebuleni. Mama aliinuka kana kwamba anataka kwenda kuangalia, akaketi tena.  Majani ya kopo moja hayana ubishi motoni, na haukupita muda akarudi na sufuria ile ile, akapakua kwenye sahani moja, akaiweka katikati ya meza. Ilikuwa kidogo tu, matonge machache.

"Karibuni," akasema.

Kaka mkubwa aliitoa simu mfukoni, akaiangalia, akasema amekula kazini. Mama akasema tumbo halijakaa sawa tangu asubuhi. Mimi nilijiambia mgeni hatangulii wenyeji, nikaiacha mikono yangu magotini, na kisingizio hicho hakinifurahishi.

Lenzi alinyoosha mkono. Ulifika ukingoni mwa sahani, vidole vikaligusa jani la juu, vikasimama. Muda wa kumeza mate, si zaidi. Najua alichokiwaza, kwa sababu nami nilikiwaza: mboga yenyewe sikuiona. Halafu akaendelea kuchukua tonge, lakini sahani haikuwepo tena. Shangazi alikuwa ameivutia kwake.

Hakuwa anaangalia uso wa Lenzi. Alikuwa ameuangalia ule mkono tangu mwanzo.

Akaketi, hatimaye, kwenye kigoda cha cherehani. Akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu, akameza.

"Mlipokwenda kumzika kaka yangu," akasema, "mimi nilibaki na nyumba. Sufuria ilikuwa jikoni, imejaa, imeshaanza kuchacha. Nikakaa chini nikaila. Yote. Nikakwangua mpaka chini." Alichukua tonge jingine. "Nilisema, kama mimi ndiye niliyemuua, basi nimfuate, na kama siye, Mungu atanionyesha. Kisha nikaiosha. Nikaisugua sana, nikiogopa isije ikabaki na kitu ndani yake na mtoto wa nyumba hii akakila. Nikajilaza nikangoja. Kukapambazuka, nikawa bado nipo."

Cherehani, picha, kiti, kila kitu kilikuwa mahali pake, na hakuna aliyeweza kuinua macho.

"Shangazi," Lenzi akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Hakusema kwa hasira. "Mliliuliza jalala. Mkayauliza makopo. Sahani yangu ikawa inaachwa mlangoni, na mimi ningetoka niseme nini, nimeila sufuria yote, niaminini? Mngesema ndiyo maana imeoshwa."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu mle ndani alijua kuwa ni kweli.

Lenzi alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kigoda kile, kile kioo chake kikining'inia na kugonga meza. Alikuwa analia waziwazi. "Nipe na mimi. Shangazi, naomba nipe na mimi."

Shangazi alimfuta machozi kwa mkono wa kushoto, mkono usio na mboga. Alimfuta kwa upole mtupu, na kama angempiga kofi nisingeumia kiasi hicho, au pengine nisingeumia kabisa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ngoja kwanza mpaka kesho. Nikiamka, na wewe utakula."

Akamaliza matonge yaliyobaki, mbele yetu sote, bila haraka. Akaikusanya sahani na sufuria, akainuka, akaenda jikoni. Tukasikia maji yakimwagika na stilwaya ikisugua, ikisugua, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini anaiosha upesi.